Fedha Huyeyuka, Jiwe Hubaki: Shajara ya Sonara Kutoka Lamu Hadi Kizimkazi

Jumamosi, Lamu

Sonara anayetaka kujua mapambo ya wazee wake yalikuwaje hukabiliwa mara moja na ukweli mgumu wa kazi yake, nao ni kwamba fedha na dhahabu hazitunzi kumbukumbu. Kekee ya bibi, ile bangili pana ya fedha, huyeyushwa ikawa mkufu wa mjukuu, mkufu huuzwa siku ya shida, na madini yake hurudi kwenye chungu cha kuyeyushia na kutoka humo yakiwa pete za watu wasiojuana kabisa. Hata fedha ambayo mafundi wa pwani hii waliifua katika karne ya 19 ilikuwa mara nyingi imekwisha kupitia umbo jingine, kwa kuwa waliipata kwa kuyeyusha reale, zile sarafu nene za Maria Theresa wa Austria ambazo ziliendelea kupigwa chapa ya 1780, mwaka aliofariki, miongo mingi baada ya kifo chake. Reale moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 833 ni fedha halisi. Fundi aliyekuwa na reale mkononi alijua ana nini bila kupima.

Kwa sababu hiyo nimeanza safari hii nikiwa na dhana moja ninayotaka kuichunguza: kwamba nasaba ya kazi yangu haimo ndani ya fedha, bali imo katika vitu ambavyo hakuna aliyeweza kuviyeyusha, yaani kuta za matumbawe, mbao za milango, makaburi, vigae na mikeka. Nimebeba daftari, bikari, rula, penseli laini na kipande cha uzi wa fedha, ambacho hunisaidia kujaribu mkunjo papo hapo kabla jicho halijausahau.

Nilianzia Jumba la Makumbusho la Lamu, ukingoni mwa bahari, kwa ajili ya siwa mbili zinazotunzwa humo, yaani mabaragumu makubwa ya sherehe. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu na urefu wake unapita mita mbili. Siwa ya Lamu ni ya shaba, nayo ilimiminwa kwa njia ya nta. Njia hiyo ninaifahamu vizuri kwa sababu ndiyo ninayoitumia kutengeneza pete nzito: fundi hulichonga umbo lote kwa nta, hulifunika kwa udongo, huuchoma udongo ule mpaka nta itiririke na kuacha uwazi, kisha humimina madini mahali pa nta. Kwa pete kazi hiyo huchukua mchana mmoja. Kwa baragumu la shaba, lenye mikanda ya nakshi na maandishi ya Kiarabu, kosa dogo la joto lingetosha kuharibu kazi nzima, na ndiyo maana nilikaa mbele yake muda mrefu nikitafuta mahali ambapo fundi alisitasita. Sikupapata.

Nilichokiandika daftarini kuhusu siwa hizo ni mpangilio wa mikanda. Nakshi haikumwagwa mwili mzima. Imezuiliwa ndani ya mipaka, na kati ya mkanda mmoja na mwingine mna nafasi tupu ambayo jicho hupumzikia. Mimi nimefundishwa usonara na mtu aliyechukia nafasi tupu, aliyeamini kwamba mteja akiona sehemu haina kitu atadhani ameibiwa kazi. Nimekuwa nikibishana naye moyoni kwa miaka mingi, na leo nimempata shahidi.

Jumapili, Lamu

Asubuhi nilikwenda kwenye nyumba ya kale ya Waswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho. Nyumba za mawe za aina hii, nyingi zikiwa za karne ya 18, zimepangwa ili mtu asogee hatua kwa hatua kutoka hadharani kwenda faraghani: kwanza daka, yaani baraza la mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa nyumba, halafu kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho chumba kiitwacho ndani. Jinsi unavyozidi kuingia ndivyo nakshi za ukutani zinavyozidi, hadi unapofika kwenye ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vilivyowekewa sahani na bakuli za kigeni. Yaani pambo zito kuliko yote halikuwekwa mlangoni ili wapita njia walione, bali liliwekwa pale ambapo wanaoliona ni watu wa nyumba hiyo na wageni wao wa karibu.

Jambo hili limenigusa sana kama mtengenezaji wa mapambo, kwa sababu biashara ya leo inatusukuma upande wa pili kabisa. Tunaombwa vitu vinavyoonekana kutoka mbali, vinavyong'aa kwenye picha. Fundi wa zidaka alifanya kazi kwa ajili ya mtu aliye umbali wa mkono mmoja, aliyekaa, mwenye muda. Chokaa yake ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, na aliichonga ikiwa bado na unyevu, kwa hiyo makali ya mistari yake ni laini kidogo na kivuli chake hakikati ghafla. Nilipima kina cha baadhi ya michongo kwa jicho na kuona kwamba mizuri zaidi ndiyo yenye kina kidogo.

Mchana niliketi na sonara mzee katika kibanda chake cha kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na fundi wa nani, maswali mawili ambayo kwake yalikuwa na uzito uleule. Anatengeneza zile pete za fedha ambazo Lamu inasifika kwazo, zenye kigae cha sahani ya kale mahali pa kito. Nilimwomba ruhusa ya kutazama tu.

"Tazama, mwanangu," alisema, "lakini tazama mkono, usinitazame uso."

Nilitazama mkono. Kwanza alichagua kigae kwa kukigeuza kwenye mwanga, akitafuta sehemu ambayo ua la bluu limekatika vizuri, maana kigae hakikupi ua zima na fundi lazima aamue ni jani lipi au ncha ipi inaweza kusimama peke yake. Kisha alikisugua kwenye jiwe lenye maji, polepole, kwa sababu kauri ni ngumu kuliko fedha na hupasuka kwa haraka ya mtu. Ndipo alipokata ukanda mwembamba wa fedha, akauzungusha kigae, akaulehemu, akauweka juu ya kitako, na mwisho akaukandamiza ukingo wake kidogo kidogo kutoka pande zinazokabiliana mpaka kigae kikashikwa pande zote. Hakuzunguka duara mfululizo hata mara moja. Ukizunguka mfululizo fedha hukusanyika upande mmoja na kufanya kunyanzi.

Nilimuuliza anapata wapi vigae vyake. Alinijibu kwamba hutumia vyombo vilivyovunjika majumbani, ambavyo watu humletea, na kwamba kwenye magofu haokoti kitu. Nilifurahi kulisikia hilo likisemwa na mtu wa umri wake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale, lakini hata bila sheria, kigae kilichong'olewa ardhini bila mtaalamu kupaandika mahali pake hupoteza habari yote kilichokuwa nayo, na hapo hubaki rangi tupu.

Jumatatu, Siyu na Shanga

Tuliondoka kwa boti kufuata maji, kwa kuwa kisiwa cha Pate hakifikiki kila saa. Siyu inajulikana zaidi kwa ngome yake ya karne ya 19, lakini mimi nilikuja kwa ajili ya sifa yake nyingine, ile ya mafundi wa ngozi, mbao na chuma, ambao kazi zao zilitafutwa pwani nzima. Niliwatazama mafundi wa viatu vya ngozi wakikata mistari ya nakshi kwa kisu, na hapo nikaona duara lenye petali sita, lilelile nililolichora jana kutoka kwenye mlango wa Lamu.

Duara hilo linastahili maelezo, kwa sababu ndilo lililonifundisha mengi kuliko umbo jingine lolote. Ukichora duara kwa bikari, kisha ukaweka ncha ya bikari kwenye ukingo wake bila kubadili upana, ukachora tena na tena ukifuata kila makutano, utapata ua lenye petali sita bila kupima chochote. Ni zawadi ya jiometri, na kila fundi mwenye kamba na kijiti anaweza kuipata. Lakini kila malighafi huijibu kwa namna yake. Kwenye mbao petali huchongwa kwa mikato miwili ya patasi inayokutana katikati kama bonde, na ncha zake hufuata au hupingana na nyuzi za mti. Kwenye ngozi hakuna kina, kwa hiyo petali hugeuka kuwa mstari au tundu. Kwenye fedha una hiari tatu: kuichonga, kuitoboa kwa msumeno mwembamba, au kuiinua kwa kuigonga kutoka mgongoni huku bamba limelazwa juu ya lami, na kila hiari inatoa ua tofauti ingawa mchoro ni mmoja.

Kutoka Siyu nilitembea hadi Shanga, mji uliokaliwa kuanzia karne ya 8 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifichua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na pia sarafu ndogo sana za fedha zilizopigwa hapa hapa pwani. Kwa mwanahistoria sarafu hizo ni ushahidi wa utawala na biashara. Kwangu mimi zinathibitisha kwamba tayari wakati ule palikuwa na mtu hapa aliyejua kuyeyusha fedha, kuikata vipande vya uzito unaolingana na kuipiga muhuri uliochongwa kinyume, kioo cha maandishi yanayotakiwa. Mtu anayeweza kuchonga herufi za kinyume kwa udogo ule anaweza kutengeneza pambo lolote analotaka. Shanga ndiko pia ilikopatikana sanamu ndogo ya simba ya shaba, yenye sura inayofanana na kazi za Uhindi, na wataalamu wamejadili kama ililetwa au ilitengenezwa huku kwa mtindo wa huko. Sioni kwamba jibu lolote kati ya hayo mawili linampunguzia fundi wa pwani heshima, kwa kuwa aliyeishi bandarini alikuwa na haki ya kutazama kila kilichoshuka melini.

Jumatano, Gede

Jana niliimalizia barabarani, kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen hadi Malindi. Leo nimekuwa Gede tangu lango lilipofunguliwa.

Gede ni mji wa mawe uliofunikwa na msitu, na mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na alipohitaji kuzitaja nyumba zake alizipa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Kwa hiyo nyumba nzima yenye kuta, choo, ua na kisima leo inaitwa kwa jina la punje ya kioo iliyomdondoka mtu. Mimi ninayetengeneza vitu vidogo nimetembea kati ya nyumba hizo nikiwa na fahari isiyo na kiasi.

Shanga za Gede na za miji mingine ya pwani zinasimulia njia za bahari kwa lugha ninayoielewa. Zile nyekundu za mawe ni akiki, na akiki nyingi ya biashara ya Bahari ya Hindi ilitoka Gujarat, ambako mji wa Khambhat umekuwa ukikata na kutoboa shanga kwa karne nyingi. Wengi hawajui kwamba wekundu ule mzito si lazima uwe wa kuzaliwa nao. Jiwe lenye chuma ndani yake hupashwa moto kwa utaratibu, na joto hukigeuza chuma hicho kuwa chekundu zaidi. Vilevile tundu la ushanga hutobolewa kutoka pande mbili, na ukiutazama kwa kioo cha kukuza utaona mahali ambapo matundu mawili yalikutana yakiwa yamepishana kidogo. Ninapenda kuyatafuta makutano hayo. Ndipo mkono wa mtu unapoonekana.

Lakini somo kubwa la Gede kwangu lilikuwa makaburi na msikiti mkuu. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na karibu na hapo yapo makaburi ya nguzo ya aina inayopatikana pwani hii yote. Mafundi wa zama hizo walikuwa na desturi ya kupachika bakuli na sahani za kauri za Kichina kwenye nguzo na kwenye mihrabu. Vyombo vingi vimeng'olewa au vimevunjika, vimeacha mashimo ya duara, na hilo ni pigo kwa mtazamaji wa kawaida ila kwa sonara ni darasa, maana shimo tupu linaonyesha namna chombo kilivyoshikwa: kitako kimechimbwa kwa kipimo cha bakuli, chokaa imepanda kidogo juu ya ukingo wake, na mkanda uliochongwa umelizunguka ili kuficha kiungo. Ni utaratibu uleule niliouona Jumapili Lamu kwenye pete ya mzee. Kitako, ukuta, ukingo unaorudi ndani. Tofauti ni kwamba huku kito kilikuwa bakuli zima na pete yake ilikuwa nguzo.

Nilikaa kwenye kivuli nikachora shimo moja kutoka mbele na kutoka ubavuni. Nimekuwa nikiamini kwamba pete za vigae ni ubunifu wa karibuni, uliozaliwa na haja ya kuwauzia wageni kumbukumbu, na hilo huenda ni kweli kwa pete zenyewe. Wazo lililo ndani yake, la kuchukua chombo cha mbali, kukitoa mezani na kukipa makao ya heshima ndani ya kazi ya mikono yetu, ni la kale sana, nalo limehifadhiwa na jiwe kwa sababu fedha isingeweza kulihifadhi.

Alhamisi, Mombasa

Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikatekwa na Waomani mwaka 1698, na baadaye ikawa gereza kwa zaidi ya miaka sitini. Nilipita haraka kwenye mizinga na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Waomani, ambako mapambo ya fedha ya Kiomani yamewekwa kwenye makabati.

Uomani ilileta pwani hii ladha ya uzito. Mapambo yake ni mazito na yenye kujitangaza: visanduku vya hirizi vinavyoning'inia kifuani, minyororo, njuga zinazomtangulia mwanamke kwa sauti kabla hajaonekana. Nilichutama ili niyaone kutoka chini na ubavuni, kwa sababu uso wa pambo huonyesha kile ambacho fundi alitaka kionekane, na mgongo wake ndio huonyesha alivyofikiri. Kutoka ubavuni niliona jinsi nakshi zilivyoinuliwa kwa kugongwa, na nikakumbuka furungu za wazee wetu, zile za mguuni zilizofanywa kuwa na uwazi ndani ili ziwe kubwa bila kumlemea mvaaji. Kupunguza uzito bila kupunguza ukubwa ni hesabu ambayo mafundi hao waliimudu vizuri sana.

Sikuona hapa asili ya kila kitu, kama baadhi ya watu wanavyopenda kudai kwamba usonara wa Waswahili ni wa Uomani na Uhindi tupu. Mafundi kutoka Gujarat na Uomani walifanya kazi kubwa katika miji hii, na zana zetu nyingi zinafanana na zao. Lakini mikanda, nafasi tupu na kina kidogo cha mchongo nilivyovichora Lamu havifanani na kelele za kabati hili, na nadhani tunapaswa kuwa na ujasiri wa kuuona utofauti huo.

Ijumaa, njiani

Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, kisha Dar es Salaam. Siku ndefu ya basi, isiyo na la kuandika kuhusu mapambo isipokuwa lile lililonijia nilipoona kina mama wakiuza mikeka kando ya barabara.

Mwalimu wangu wa kwanza wa umbo hakuwa sonara. Alikuwa bibi mzaa mama, msukaji wa ukili, ambaye alichana majani ya mkindu kwa ukucha, akayatia rangi, akayasuka kuwa ukanda mrefu usiokwisha, kisha akaishona mikanda ile kuwa mkeka. Nilikaa miguuni pake nikimpa majani kwa zamu ya rangi, nyeusi, nyeupe, nyekundu, na nikikosea zamu nakshi ilivunjika mbele ya macho yangu mistari michache baadaye. Hivyo kabla sijajua jina la jiometri nilikwisha kujua kwamba nakshi ni hesabu inayorudi, na kwamba ukingoni ndiko kwenye kazi ngumu, pale jani linapofika mwisho na kulazimika kugeuka lirudi ndani bila kuonyesha jeraha.

Nilipoingia kwenye usonara nilianza kwa kuvuta uzi, kazi wanayopewa wanagenzi wote: unachukua kipande cha fedha, unakipitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayopungua upana, unavuta, unapasha moto, unavuta tena. Fedha huwa ngumu kila inapovutwa au kugongwa, na moto ndio huilainisha, kwa hiyo anayesahau kuipasha huukata uzi. Nilipofikisha uzi wa unene wa nusu milimita nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilifanye, nikausuka ukili. Ndio mkufu wa kwanza niliouita wangu. Haukuwa na jiwe wala ua, lakini ukingo wake uligeuka vizuri.

Jumamosi, Mji Mkongwe, Unguja

Milango ya Unguja imeandikwa sana, na wageni huambiwa kwamba mnyororo una maana hii na samaki ana maana ile. Mimi nilichokifuata ni kazi ya fremu. Kwenye milango mizuri mnyororo uliochongwa hupanda nguzo ya kushoto, huvuka juu na kushuka kulia bila kukatika kwenye pembe, na pembe ndiyo mahali ambapo fundi mvivu hujulikana. Nilitembea kutoka mlango hadi mlango nikitazama pembe tu. Baadhi ya mafundi waliweka ua kwenye kona ili kuficha makutano, na huo ni ujanja halali ninaoutumia kwenye vifungo vya bangili. Wachache walihesabu vizuri tangu mwanzo, pete ya mnyororo ikaangukia kamili kwenye kona na kugeuka nayo. Wachache hao niliwapigia hatua mbili nyuma ili niwaone vizuri.

Jioni nilimkuta bibi mmoja anasuka vikuba, akikusanya asumini, mrehani, mkadi na waridi katika vifungu vidogo vya kuvaliwa. Nilinunua kimoja nikakifungua taratibu ili nijifunze mpangilio wake, na nikaona kwamba asumini zimepangwa vikonyo ndani na midomo nje, safu kwa safu, na kwamba jani la mrehani limewekwa katikati ili harufu itoke ikiwa imepitia kwenye maua. Pambo hili halidumu hata usiku mmoja na hakuna anayelilia. Fedha inapita kati yake na jiwe: inadumu kuliko ua, na haidumu kama ukuta. Niliandika daftarini nichonge vipuli vya midomo ya asumini vilivyopangwa kwa namna hiyo, vikonyo ndani, bila kito.

Jumatatu, Kizimkazi Dimbani

Msikiti wa Kizimkazi ndio niliouwekea mwisho wa safari kwa makusudi. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini kwenye ukuta wake wa kibla kuna maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mtindo wake umelinganishwa na michongo ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Niliomba ruhusa, nikavua viatu, nikaingia.

Herufi zimesimama wima zikiwa na migongo iliyonyooka, na ncha zake zinachanua kuwa majani yanayojaza nafasi ya juu. Anayeelewa kazi ya mikono ataona mara moja kwamba mchongaji alikuwa na ngazi mbili tu za kina: uso wa herufi, na ardhi iliyoshushwa chini yake. Hakuna ngazi ya tatu, hakuna mviringo wa kujipendekeza. Mwanga wa ubavuni ukipita, herufi zote hupata kivuli cha upana mmoja, na ndiyo maana maandishi yenye zaidi ya miaka 900 bado yanasomeka.

Jiwe lililotumika kwa michongo myembamba ya aina hii hapa pwani ni tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bichi na kuchongwa likiwa na unyevu. Likishakaa hewani hukakamaa. Mchongaji hana muda mwingi na hawezi kulirudisha jiwe kwenye ulaini wake. Sonara tuna bahati ambayo hakuwa nayo, kwa kuwa fedha ikikakamaa tunaipeleka motoni na kuanza upya, lakini moto huohuo unaotusamehe ndio unaoyeyusha kazi zetu. Nilipolitambua hilo nilielewa kwa nini dhana niliyoianza nayo Lamu ilikuwa sahihi kwa nusu tu. Umbo la kekee limo kwenye jiwe, naam, lakini limekaa humo likiwa gumu na limetulia, na anayelirudisha kwenye fedha halinakili. Hulipa tena uwezo wa kubadilika.

Hivyo nimeamua yafuatayo. Kekee ya kwanza itakuwa bamba la fedha la upana wa milimita 40, urefu wa milimita 160 na unene wa milimita moja na nusu, uzito wa karibu gramu 100, kwa sababu bamba jembamba zaidi haliwezi kubeba mchongo wa ngazi mbili bila kupinda. Ardhi itashushwa nusu milimita. Sitatumia maneno ya kibla, kwa kuwa maneno hayo yana mahali pake na mkono wa mvaaji huingia kila mahali. Nitachukua majani ya ncha za herufi na nafasi kati ya wima mmoja na mwingine, niliyoipima hatua kwa hatua kwenye mchoro wangu. Mikanda miwili itaizuia nakshi kama kwenye siwa, na katikati, kwenye kitako kilichochimbwa kwa kipimo, kitakaa kigae cha bluu alichonipa mzee wa Lamu kutoka kwenye sahani iliyovunjika nyumbani kwake. Nitajaribu kwanza kwa shaba.

Na kuanzia kazi hii, kabla pambo lolote halijatoka karakanani mwangu, nitalikandamiza uso na mgongo kwenye udongo laini, nimimine plasta juu ya alama yake, na niandike nyuma ya plasta hiyo mwaka, uzito wa fedha na mahali umbo lilipotoka. Mwenye kekee ana haki ya kuiyeyusha siku akitaka. Plasta itabaki rafuni, kwa sonara mwingine atakayetaka kuipima.